MC alitugusa penye kidonda, na mume wangu akacheka

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie, maana jambo hili nimelibeba peke yangu na limeanza kunifanya nimkwepe mume wangu ndani ya nyumba. Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 33, tunaishi Tabata. Tuko mwaka wa saba kwenye ndoa na hatujajaliwa mtoto. Mimi nimeshapima, daktari hakuona tatizo. Yeye kila nikimgusia anasema twende mwezi ujao.

Mume wangu ana rafiki waliyesoma naye shule ya msingi. Mchana ni fundi wa friji, usiku anafanya mazingaombwe. Yeye na wenzake wameanzisha onyesho la vichekesho kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwenye ukumbi wa nyuma wa baa moja huku Kinondoni. Kiingilio shilingi elfu tano. Mume wangu alinibembeleza sana, nikavaa, nikaenda.

Nikueleze nilichokikuta ili uelewe. Viti vya plastiki kama sitini, vilivyokaliwa labda arobaini. Pazia la jukwaa ni mashuka mawili ya maua yaliyoshonwa pamoja. Maiki ilikuwa moja, inapiga mluzi kila mtu akisogelea spika. Umeme ukakatika, MC akaendelea kuongea gizani kwa sauti yake mpaka jenereta ikawashwa. Akatoka kijana anaigiza sauti za watangazaji wa mpira na wahubiri wa mitaani. Wakaja vijana wawili wa sarakasi, wakapandanisha meza tatu za baa, na mwenye baa akasimama pembeni kashika kichwa anaziangalia meza zake. Rafiki wa mume wangu akatoa leso ndani ya kofia, lakini leso ya pili ikachungulia kwenye mkono wa shati kabla ya wakati wake, watu wakamshangilia kuliko kama angefaulu. Mama mmoja mtu mzima akaimba taarabu kwa muziki wa kwenye flashi, watu wakaenda kumtunza.

Halafu akatoka mwanaume kavaa dera na kilemba, anaigiza mama mwenye nyumba. Nikamtambua, ni yule yule kijana wa sauti. Anagonga mlango wa mpangaji alfajiri: "Jana LUKU ilikuwa na uniti kumi na nne, leo kumi na moja, na mimi hata chai sijachemsha. Nani kapiga pasi? Nionyesheni nguo zenu, nitaijua tu iliyonyooka!" Shangazi, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mama wa namna hiyo nimepanga kwake.

Sisi tulikaa mstari wa mbele, rafiki alituwekea viti. Wakati wenzake wanajiandaa kwa igizo la mwisho, MC akashuka chini na maiki. Akamuuliza mume wangu, huyu ni nani? Mke wangu. Mna muda gani? Mwaka wa saba. Watoto wangapi? Mume wangu akanyamaza, akatikisa kichwa. MC akageukia watu: "Mwaka wa saba! Kaka, wewe umeoa au umeajiriwa mlinzi?" Ukumbi ukalipuka. Akanigeukia mimi: "Dada sema ukweli, huyu analala na viatu?" Nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi. Nilipoinua macho mume wangu alikuwa anacheka, anajipiga mapaja.

Kwenye bajaji hatukuongea. Nyumbani nilimfokea, naye akaniambia mimi sina utani, ule ni mzaha tu. Akasema mbona sisi ni watani? Mimi ni Mpare, yeye ni Mchaga, tangu uchumba ananitania kwa ubahili na mimi namtania kwa kupenda pesa, na kwenye misiba ya kwetu watani wanatusema makubwa kuliko yale. Sikuwa na la kumjibu.

Sasa ameshanunua tiketi mbili za Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Anasema watu wakizidi kupungua rafiki yake atakata tamaa. Na dada mmoja ninayesali naye, nilipomhadithia, ameniambia mke mwenye heshima haendi kukaa kwenye ukumbi wa baa kuchekeshwa na wahuni, nimejitakia mwenyewe.

Je, niende? Nikikataa nitakuwa nimemwangusha rafiki yake? Na mwanaume anayecheka mkewe anapodhalilishwa, kweli anampenda?

Ni mimi, Mpare wa Tabata.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Swali la kwenda au kutokwenda ndilo jepesi kuliko yote matatu, kwa hiyo nitalifikia mwishoni. Kwanza niseme hili bila kuzunguka: uliumia kwa haki. Swali la mtoto haulizwi mtu usiyemjua, mbele ya watu arobaini, na maiki mkononi. Mama mkwe mwenye busara huzunguka na swali hilo mwaka mzima kabla hajalitamka, na siku akilitamka, hulitamka jikoni mkiwa wawili.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayoonyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupitia tatizo la kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Ipeleke hesabu hiyo kwenye ukumbi wenu. Hukuwa peke yako pale. Kuna wengine waliokaa nyuma yako ambao maneno yale yaliwachoma vilevile, na inawezekana kabisa baadhi yao ndio waliocheka kwa nguvu ili wasigundulike. MC alidhani anachokoza mke na mume mmoja wa mstari wa mbele, kumbe alikuwa anapita na kisu katikati ya watu wake waliolipa kiingilio.

Mumeo amekuletea hoja ya utani, nawe ukakosa jibu. Jibu lipo, na ni vizuri ulijue kwa sababu ninyi kweli ni watani. Utani wetu haujawahi kuwa ruhusa ya kila mtu kumsema kila mtu. Una wenyewe. Mjukuu na bibi yake, binamu na binamu, shemeji na shemeji, Mpare na Mchaga, Mzaramo na Mnyamwezi. Wapagazi wa Kinyamwezi walioteremka na misafara hadi Bagamoyo katika karne ya 19 walikuwa na watani njia nzima, na mtani huyo aliyemkebehi mgeni kwa vumbi la miguu yake ndiye aliyempa chakula, akampa pa kulala, na akimfia mikononi akamzika. Hata leo msibani kwenu, tazama vizuri: yule mtani anayemuigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kuomba mikopo ndiye aliyeshika jembe asubuhi akachimba kaburi. Amebeba sehemu ya msiba wako, ndipo akapata haki ya kuuchekea. Na wewe siku ya msiba wake utamlipa vilevile.

Sasa linganisha na usiku ule. MC hajui jina lako. Hajawahi kukubebea chochote. Ana maiki na wewe huna, kwa hiyo huwezi kumrudishia, na utani usioweza kurudishwa unakuwa mtu mmoja anampiga mwenzake aliyefungwa mikono. Mume wako akikutania kwa ubahili, unamjibu kwa pesa zake za Kichaga, mnacheka, mnalala. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na yeye ni Mchaga, anajua. Wahenga walishaonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, na hawakuwa watu wasiopenda kucheka.

Nije kwa huyo mume. Katikati ya barua yako kuna maneno umeyapita haraka sana: wewe umepima, yeye kila mara ni mwezi ujao. Nimeyarudia hayo kuliko habari zote za ukumbini. Kisha nimerudia maneno ya MC. "Umeoa au umeajiriwa mlinzi?" "Huyu analala na viatu?" Mwanangu, la kwanza lilirushwa kwake waziwazi, na la pili lilipitia kwako likaenda kutua kwake. Ni yeye aliyeambiwa mbele ya watu kwamba hajui kazi ya mume, na rafiki yake wa utotoni yuko nyuma ya mashuka anasikia kila kitu. Akinuna, watu watasema kumbe ni kweli. Akiinuka akaondoka, kesho ni hadithi ya mtaa mzima. Wanaume wetu wengi wamefundishwa njia moja tu ya kuvuka mahali kama pale, nayo ni kucheka kuliko wote waliomo.

Simjui mumeo, kwa hiyo sitakuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Inawezekana alicheka kwa sababu hakufikiri. Inawezekana alikwishaona umeinama akajifanya hajaona, na hilo lingekuwa baya zaidi. Anayejua ni yeye, na dawa ni kumuuliza. Lakini usimuulize kama usiku ule, maana ulimfokea wakati naye ametoka kuaibishwa, na mtu aliyeaibishwa hujitetea kwa lolote lililo karibu. Lililokuwa karibu ni neno "huna utani". Tafuta Jumamosi au Jumapili mchana, hakuna aliyechoka, simu ziko chumbani. Usianze na kucheka kwake. Anza na lako: "Yule MC alipouliza watoto, mimi niliumia hivi na hivi. Na wewe ulijisikiaje?" Kisha nyamaza. Usimjazie maneno. Kama atanyamaza dakika mbili, mwache anyamaze dakika mbili. Nina hisia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mumeo anajisikiaje kuhusu mtoto. Wewe huulizwa na mawifi, na mama, na majirani, na kila swali linakuumiza. Yeye haulizwi, anataniwa.

Akishasema, ndipo umwambie kuhusu kucheka kwake. Mwambie ulipoinua macho ulikuwa unamtafuta yeye, na ulichokikuta ni mtu anajipiga mapaja. Anapaswa kukuomba radhi kwa hilo hata kama alicheka kwa aibu. Kueleweka hakumwondolei deni.

Na mazungumzo hayo yasiishe bila tarehe ya hospitali. Mwezi ujao hauna tarehe. Upande wa mwanaume huhusika katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, na bado kwetu mke ndiye anayezunguka na mafaili miaka kumi huku mume akisubiri majibu sebuleni. Kipimo cha mbegu za kiume hakina sindano wala maumivu. Daktari humwambia akae siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, kisha atoe sampuli, basi. Mara nyingi kinachomzuia mwanaume ni woga wa karatasi ya majibu, na mtu mwenye woga huo anapoulizwa hadharani kama yeye ni mlinzi... nadhani sasa unaona kwa nini sikutaka kukimbilia kukuambia kwamba hakupendi.

Baada ya hayo, naomba nilitetee onyesho lenyewe, kwa sababu sipendi kuona limebebeshwa dhambi za mtu mmoja mwenye maiki. Soma tena barua yako. Uliumia, lakini umeandika mambo ya usiku ule kwa macho ya mtu aliyefurahi. Meza za baa, leso iliyochungulia, uniti za LUKU. Mwenye kuchukizwa na kitu hakumbuki kiasi hicho. Yule kijana wa dera alikuchukua wewe na miaka yako ya upangaji, akaiweka jukwaani, ukaiona inachekesha. Hiyo ni kazi kubwa, na aliifanya kwa dera moja na mlango wa kufikirika.

Dada yako wa kanisani namheshimu, ila kuhusu ukumbi wa baa amesahau historia ya mji huu. Miaka ya 1980 na 1990, kabla televisheni haijaenea majumbani mwetu, burudani ya familia Dar es Salaam ilikuwa hukohuko kwenye kumbi za baa. Kikundi cha sanaa cha Muungano cha Norbert Chenga, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba, walikuwa wanapanga usiku mmoja wenye kila kitu: ngoma za makabila, sarakasi, ngoma ya nyoka, kichekesho, igizo refu lenye mafunzo, kisha taarabu. Akina mama walikwenda na kanga zao mbili, na watoto wakakaa chini mbele ya jukwaa. Khadija Kopa na Nasma Khamis walijengwa na majukwaa ya namna hiyo, na akina mama waliokwenda kuwatunza hawakuwa wahuni, walikuwa mama zetu. Mpangilio wa usiku wenu, wa sarakasi ikifuatwa na mazingaombwe ikifuatwa na mama wa taarabu na kumalizia na igizo, vijana hao hawakuubuni. Wameurithi, hata kama hawajui.

Kisha vichekesho vikahamia kwenye televisheni, Ze Comedy ya EATV ikawa inasimamisha mitaa, akina Joti, Masanja na Mpoki wakaendelea na Orijino Komedi pale TBC. Mzee Majuto wa Tanga, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2018, akatuchekesha kwenye kanda na filamu mpaka tukadhani ni ndugu yetu. Siku hizi ni simu, dakika moja ya video na mtu anakuwa maarufu. Sina ugomvi na simu. Lakini kwenye simu mchekeshaji hawaoni watu wake. Haoni mwanamke wa mstari wa mbele akiinama kwenye pochi. Mahali pekee anapoweza kujifunza kwamba hapa nimegusa na hapa nimejeruhi ni kwenye ukumbi mdogo, mbele ya nyuso. Kule Nairobi, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie walianza kikundi cha vichekesho cha Redykyulass wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakaja kumuigiza Rais Moi kwenye televisheni wakati ambapo hilo lilihitaji kifua. Watu kama hao hawatokei kwenye kumbi zenye viti vya velveti.

Ndiyo maana naelewa hofu ya mumeo kuhusu rafiki yake. Chukua hesabu ya barua yako. Watu arobaini kwa elfu tano ni laki mbili. Toa pango la ukumbi, spika za kukodi, dizeli ya jenereta, bodaboda za kurudi usiku wa manane. Kinachobaki wagawane MC, kijana wa sauti, wawili wa sarakasi, mama wa taarabu, mwanamazingaombwe. Watu hao hawafanyi kwa ajili ya pesa, bado hawajazipata. Viti kumi vikipungua, onyesho linakufa.

Na hapohapo ndipo inapopatikana sababu ya MC kushuka kwenu. Uliona mwenyewe kwamba kijana wa sauti ndiye aliyerudi na dera. Kikundi chenye watu wachache kinahitaji muda wa kubadili nguo na kupanga vitu, na muda huo MC anaujaza peke yake. Akiishiwa na maneno yake anashuka kwenye viti, kwa sababu viti havihitaji mazoezi. Anaanza na waliokaa mbele, na kati ya hao anawatafuta mke na mume, maana maswali yake anayo tayari: mmekutana wapi, mna muda gani, watoto wangapi. Ni njia ya mkato, na MC mzuri haipiti. MC mzuri anauliza kazi, mtaa, timu ya mpira. Mtu akisema Yanga mbele ya mashabiki wa Simba, MC ana dakika kumi za kicheko na hakuna atakayerudi nyumbani analia. Swali la watoto likipata "hapana" kwa jibu, mwenye akili hugundua palepale kwamba amekanyaga mahali, anasema "Mungu awajalie", anasogea kiti kinachofuata. Wa kwenu aliona mlango akaingia na viatu.

Asipoambiwa atarudia, mwezi huu kwa mwingine. Kwa hiyo aambiwe. Nani amwambie? Mumeo. Yeye ndiye mwenye rafiki ndani ya kikundi, yeye ndiye aliyekupeleka, na maneno yalimlenga yeye. Amwite rafiki yake nyumbani, ale chakula, amwambie kwa utulivu: mke wangu na mimi tuliumia, mwambie MC wako maswali ya watoto ayaache, kwetu na kwa kila mtu. Asimtumie ujumbe wa simu, hilo ni jambo la kuambiana mtu na mtu. Kama rafiki huyo ni rafiki, ataona haya na atalifikisha. Na kama kikundi kina busara kitashukuru, kwa sababu watu wanaojeruhiwa ukumbini hawaandiki malalamiko, wanaacha tu kuja, na ndiyo viti vinavyopungua.

Sasa tiketi za Ijumaa. Kama mtakuwa mmezungumza, akakuomba radhi, na akazungumza na rafiki yake, nenda. Ningependa uende. Lakini msikae mbele hata kama mmewekewa viti, mumeo aseme asante na mvuke. Msikae nyuma kabisa pia, maana MC wengi hupenda kuwafuata wa nyuma kwa kudhani wamejificha. Kaeni mstari wa tatu au wa nne, upande wa ukutani, mbali na njia ya katikati anayopita na maiki. Fikeni mapema, kwa sababu anayeingia onyesho limeanza anajiandikisha mwenyewe kuwa kichekesho. Simu iwe kwenye pochi, mwanga wake gizani unamwita. Akija licha ya yote, huna wajibu wa kumjibu. Tabasamu dogo, mkono unapunga, "mwulize jirani", na umgeukie mumeo. MC hana la kufanya na mtu asiyempa neno.

Beba noti kadhaa za elfu moja. Yule mama wa taarabu akipanda, inuka ukamtunze. Mcheza kwao hutunzwa, na kwa kikundi cha namna ile elfu mbili tatu za mkononi ni nauli ya mtu kufika kwake. Kijana wa dera mtafute mwisho wa onyesho umwambie kuhusu mama yako mwenye nyumba. Mpe tabia mbili tatu za kweli. Wachekeshaji wanaishi kwa hizo, na atakukumbuka kwa heshima kuliko kwa maswali ya MC.

Kama hamjazungumza, usiende. Wala usijione umemwangusha mtu. Tiketi yako mumeo amchukulie mdogo wake au jirani, kiti kitakaliwa, na rafiki yake hatapata hasara. Kumsaidia rafiki ni kazi njema, lakini haifanywi kwa kumrudisha mke mahali alipoumizwa huku akiambiwa hajaumia. Na kama mumeo atakataa kabisa kuzungumza, atasema tena huna utani na kuondoka na kofia yake, hapo tatizo limeshatoka kwenye ukumbi wa Kinondoni. Tafuta mtu mzima anayemheshimu, shemeji au mjomba, siyo wa kanisani kwako anayekuhukumu wewe, akae nanyi wawili.

Limebaki moja. Huenda mkafanya yote hayo, mkakaa mstari wa nne, na MC akashuka akarudia swali lile lile. Mkubaliane mapema kwamba likitokea mnasimama na kutoka, bila kelele na bila kumjibu, na wa kwanza kusimama ni mumeo. Mwambie hilo kabla hamjatoka nyumbani, na umsikie akilikubali kwa kinywa chake.